Neno Ambalo Ndunge Hakuambiwa

Daktari Kiragu alimtoa Ndunge mji wa mimba na hakumwambia. Hilo ndilo kosa lenyewe, halina haja ya kuzungushwa. Hakumwambia siku ile, hakumwambia siku zilizofuata, wala hakumwambia asubuhi ile aliyomruhusu kwenda nyumbani. Alikuja na wanafunzi wake, akafunua shuka, akautazama mshono, akazungumza Kiingereza kirefu juu ya tumbo la mtu aliyekuwa macho, kisha akamgeukia mwenye tumbo na kumwambia kwa Kiswahili, "Mama, ukifika nyumbani ule mboga kwa wingi."

Ndunge akafika nyumbani, akala mboga kwa wingi, akangoja kupata mtoto mwingine. Alingoja karibu miaka mitatu.

Kuhusu kisu hakuna malalamiko. Damu siku ile ilitoka kama mfereji ulioachwa wazi, na bila kisu Ndunge angezikwa pamoja na mtoto wake. Yeye mwenyewe husema hivyo, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema vingine. Lakini mtu akiingia kwako kuzima moto, akalazimika kubomoa chumba kimoja, anakuambia, chumba fulani sikuweza kukiacha. Hakuachi ukitandika kitanda kila siku ndani ya chumba ambacho hakipo.

Mwaka huo wa 2003 Ndunge alikuwa mfanyakazi wa nyumba huko Kileleshwa, Nairobi, kwa Mama Kibe, katika moja ya zile gorofa ambazo wafanyakazi huanika nguo juu ya paa. Shule hakukaa sana. Alipoanza kujua kuunganisha herufi, baba yake alimtoa darasani akamkabidhi mbuzi, na herufi zikabaki huko huko Machakos bila kuunganishwa. Lakini masikio alikuwa nayo. Kila Jumapili aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa moja la mabati pale Jamhuri, na nyimbo alizozijua kwa moyo zingejaza kitabu kinene kuliko cha mchungaji.

Mwalimu wa kwaya alikuwa Zedekiah, fundi cherehani, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Zedekiah alipenda nyimbo za lugha ambazo hakuna mtu kwaya nzima aliyezijua, Kizulu, Kilatini, hata Kijerumani. Neno gumu likitokea, wengine wakianza kunung'unika, alikuwa akiwaambia, "Mnaogopa nini? Mtu hamezi muwa mzima. Kula pingili moja moja." Kisha anapiga makofi, kofi moja kwa kila pingili ya neno, na waimbaji wanafuata mpaka neno linalainika kinywani. Wenye vitabu walikuwa wakichungulia vitabu. Ndunge alifumba macho akasikiliza makofi, na mara nyingi yeye ndiye aliyeshika kwanza.

Katika kwaya hiyo ndipo alipompata Ngui. Ngui aliimba besi, sauti iliyotetemesha mabati. Akiimba hakuna neno lililomshinda. Lakini akiacha kuimba na kuanza kuongea, maneno yalimgandia kooni, kwa maana alizaliwa na kigugumizi. Watu wa mjini hawana subira na mtu wa hivyo. Wanammalizia maneno yake, na wanammalizia vibaya. Alikuwa akienda dukani kutaka maziwa, anarudi na majani ya chai, kwa sababu mwenye duka amechoka kungoja.

Ndunge hakummalizia. Siku ya kwanza waliposimama pamoja dukani alimshika mkono, akamgongea kiganjani kwa kidole, polepole, jinsi Zedekiah alivyopiga makofi. Ma. Zi. Wa. Na Ngui akasema maziwa, safi kabisa, mpaka mwenye duka akamtazama mara mbili. Tangu hapo huo ukawa mtindo wao. Watu waliowaona wameshikana mikono njiani walidhani ni mapenzi ya ujana ambayo yatapoa. Walikuwa wakipanga maneno.

Walipooana walipata chumba cha nyuma katika nyumba moja ya Jamhuri Estate. Ngui alikuwa kibarua katika uwanja wa maonyesho wa Jamhuri Park. Yeye ndiye aliyepaka chokaa mawe ya kando ya njia na nguzo za mazizi kabla ya watu kuja kutazama ng'ombe. Ndunge alikuwa akitembea kwenda Kileleshwa asubuhi na kurudi jioni, na mimba ilipokuwa kubwa aliendelea kutembea.

Uchungu ulimshika akipiga pasi mashati ya bwana wa nyumba. Mama Kibe, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimtia katika gari lake akampeleka hospitali ya karibu aliyoijua yeye, huko Parklands. Jina lake tuliache. Mtoto alizaliwa hapumui. Alikuwa msichana. Baada ya hapo damu ikaanza, na Ndunge hakumbuki zaidi. Ngui alifika amevaa buti zenye chokaa, akakaa kwenye benchi mbele ya mlango wa kupasulia. Ndunge alipozinduka, Ngui alikuwa ameshika mguu wake kupitia blanketi, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na mipira ya maji.

Damu ya mwezi haikurudi. Wanawake wa kanisani walimwambia, "Yote ilimwagika siku ile, mwili unakusanya ingine, ngoja." Akangoja.

Mama yake Ngui hakungoja. Jina lake Syombua, na kwa Wakamba binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Kwa hivyo mtoto yule alipozaliwa bila pumzi, mzee yule aliona ni jina lake lililokosa kuzaliwa. Mwanzoni alikuwa mpole, akituma mbaazi na asali. Kisha mbaazi zikakoma. Mwaka wa pili alisema wanawake wa Nairobi wanadungwa sindano za kuzuia mimba ili wabaki wembamba. Ndunge si mwembamba na hajawahi kuwa. Mwaka wa tatu alikuja Jamhuri mwenyewe, akakaa kwenye kitanda chao na mkoba mapajani, akamwambia mwanawe huku Ndunge akimimina chai:

"Ngui, kuna msichana pale kwetu Machakos karibu na soko, Maureen, anafundisha watoto wadogo. Ana heshima, na kwao wanazaa. Mkija Desemba nataka jibu."

"Mwaitu," Ngui akaanza kumwambia mama yake, "mi... mi..."

"Usiseme sasa. Desemba."

Ndunge alitaka kumgongea kiganjani, lakini mkononi alikuwa na birika, na mama mkwe alikwisha kuinuka. Ngui hakuwa amesema ndiyo. Hakuwa amesema hapana pia. Hapana yake ilihitaji muda, na hakuna aliyempa.

Kwa hivyo Ndunge alibaki na miezi michache ya kujua mwili wake una nini. Kui, mfanyakazi wa nyumba ya mlango wa pili pale Kileleshwa, ndiye aliyempeleka mjini, kwenye kliniki moja ya ghorofani nyuma ya barabara za maduka ya jumla, mahali wanapopiga picha ya tumbo. Muuguzi aliitwa Shiku, msichana mwenye nywele za kusuka na viatu vya mpira.

"Mama, hii kovu ya tumbo ni ya nini?"

"Ya wakati wa mtoto, sista."

"Walikuambia walifanya nini?"

"Walinishona. Wakaniambia nikule mboga."

Sista Shiku alipitisha kile chombo chake tumboni polepole, akakirudisha pale pale, akakipitisha tena, kama mtu anayetafuta ufunguo mahali anapojua hakuuweka. Kisha akakiweka chini. Alichukua kitambaa akampangusa Ndunge tumbo yeye mwenyewe, ingawa wengine hupewa karatasi wajipanguse.

"Mama, nisikilize. Hapa hakuna nyumba ya mtoto. Ilitolewa. Si wewe umekataa kushika mimba. Mahali ya kushika haiko."

Ndunge alitazama dari. Nje mjini magari yalikuwa yakipiga honi. Alisema, "Inaitwaje?"

"Nini?"

"Hiyo kitu nilifanyiwa. Si iko na jina?"

Mtu mwingine angelia kwanza, akauliza jina baadaye. Lakini Ndunge alikuwa ameishi na kitu hicho bila jina, na watu walikuwa wamempa yeye majina mahali pake: tasa, mjanja, mwanamke wa sindano. Alitaka kitu kichukue jina lake ili yeye arudishiwe la kwake.

"Ni histerektomi," sista akasema.

"Sijashika."

"Histerektomi."

"Sista, niimbie."

Sista Shiku akamtazama. Kisha, Mungu ambariki msichana yule popote alipo, akavuta kiti, akakaa, akagonga ukingo wa kitanda kwa kalamu. "His. Te. Rek. To. Mi. Hapo kwa rek unapanda, halafu unashuka."

Ndunge alifumba macho. Hapo tu, katika giza lake, akalitambua. Hakuwa amewahi kulijua neno, lakini alijua mwendo wake: kupanda katikati na kushuka. Ulikuwa ndani ya kile Kiingereza kirefu kilichosemwa juu ya tumbo lake. Neno lilipita juu yake asubuhi ile likienda kwa wanafunzi.

"Maneno ya daktari hayatishi hivyo," sista aliendelea. "Mengi yameungwa. Hii ya mwanzo, histera, ni hiyo nyumba ya mtoto. Hii ya mwisho, ektomi, ni kukata na kutoa. Ukisikia ektomi mahali popote, jua kuna kitu imebaki kwa daktari."

"Kumbe ulimi unakata mara mingi, na maana inakata mara moja."

"Ndiyo, mama. Mara moja tu." Akamfunga kifungo cha rinda. "Rudi kwa yule daktari na bwana yako. Aseme yeye. Na ukifika, usiseme unaumwa tumbo, watakupeleka laini ya tumbo ukae hapo mpaka jioni. Sema hiyo neno."

Hivyo ndivyo Ndunge alivyoanza kujifunza. Alijifunza akipiga deki, akikoboa njegere, akitembea kurudi Jamhuri jioni. Tatizo lilikuwa ulimi wake. Mkamba wa kule kwao hana haja kubwa na H, wala R, na neno hili lilikuwa limezibeba zote mbili. Juu ya paa, wakianika shuka, Kui alimfanyia mtihani.

"Isitelekitomi," alisema Ndunge.

"Ngai! Wewe, hiyo H uliacha Machakos?"

"H ni ya nini? Ni pumzi tu."

"Basi pumua. Hhhis."

"Hhhis."

"Hiyo ni ya kufukuza kuku. Ongeza adabu."

"Haya, sema wewe tusikie, Mkikuyu."

"Histelektomi."

"Ehe! Lek! Nyinyi R na L mliweka gunia moja zikachanganyika, sasa unanicheka mimi."

Walicheka mpaka vibanio vikaanguka ndani ya beseni. Kisha Kui akaacha kucheka, ncha ya shuka mkononi.

"Ndunge. Tunacheka nini sasa?"

"Tunacheka tu. Wacha tucheke."

Kwenye mazoezi ya kwaya alimwomba Zedekiah ampigie makofi ya neno la pingili tano ambalo ya tatu ndiyo ya juu. Zedekiah akapiga. Hakuuliza ni neno gani, na huo ni uungwana. Ndunge alienda na makofi hayo kichwani wiki nzima, na Jumapili akaona neno limekaa kinywani kama limezaliwa humo. Ndipo alipoamua kumwambia mumewe.

Ngui alikuwa amekaa kizingitini mchana ule baada ya kanisa, akikwangua chokaa kwenye buti kwa kisu kibutu. Ndunge alikaa kando yake. Alimwambia yote, kliniki ya mjini, sista, chombo kilichotafuta kisipate. Alimwambia bila kupamba. Mwisho akasema, "Na iko na jina. Inaitwa histerektomi."

Kisu kikasimama juu ya buti.

Ngui alifungua mdomo. Mishipa ya shingo ikamsimama. Ndunge akauchukua mkono wake ili amgongee, jinsi alivyozoea, lakini Ngui akaunasua. Akauchukua wa Ndunge yeye, akaufungua kiganja, na kwa kidole chenye chokaa akagonga. His. Te. Rek. To. Mi. Akapanda kwenye rek, akashuka. Alilijua neno.

Ndunge aliurudisha mkono wake kana kwamba umeungua.

"Umelijulia wapi?"

Ilimchukua muda mrefu. Jua lilihama kutoka kizingitini, na kuku wa mwenye nyumba wakapita na kurudi, na Ndunge, pamoja na hasira iliyokuwa ikimchemka, hakummalizia hata neno moja. Siku ile ya damu, alisema Ngui, akiwa kwenye benchi, daktari alitoka mlangoni akivua kofia, akamwambia mambo kwa Kiingereza, na neno hilo lilikuwa ndani. Ngui alitaka kuuliza ni nini. Alianza kuuliza. Daktari alimtazama akihangaika, akamgonga begani, akarudi ndani, mlango ukajifunga, na swali likabaki mdomoni mwake halijafika nusu. Hakulijua neno lile. Alidhani ni ugonjwa uliomuua mtoto. Akalishika hivyo hivyo, kwa sauti, kama wimbo wa Kilatini, na kila alipotaka kulitoa, kwa mtu yeyote, lilimgandia.

"Miaka yote hii?" Ndunge alisema.

"Ka... kama ni... ningejua ni yako, ni... ningekupa."

Ndunge aliingia ndani akaufunga mlango. Nani asingekasirika? Alikaa kitandani, pale pale alipokuwa amekaa mama mkwe na mkoba wake. Alifikiria jinsi neno moja lilivyokaa chumba kimoja na yeye, likila naye, likilala naye, ndani ya kinywa cha mtu asiyeweza kulitoa. Kisha akafikiria kile kinywa chenyewe, jinsi kilivyolibeba. Kulibeba neno usilolielewa, bila kulipoteza hata pingili moja, kwa sababu lilisemwa siku ambayo mke wako alikuwa anakufa, si jambo la mtu asiyejali. Alifungua mlango. Ngui alikuwa bado na buti moja mkononi.

"Leta hiyo ingine nikukwangulie," akamwambia.

Wakakwangua chokaa, kila mtu na buti lake. Baadaye Ngui akasema jambo moja, na alilisema karibu bila kukwama. Waende Parklands. Na swali aulize yeye.

"Mimi nitauliza haraka," Ndunge alimwambia. "Nimeshaliweka tayari."

"Ni... niachie. Hilo nilianza mimi."

Akamwachia.

Walienda siku ya kazi, Ngui amevaa koti la harusi yao. Msichana wa mapokezi aliwauliza shida ni gani, na Ndunge akajibu, "Histerektomi. Nilifanyiwa hapa na Daktari Kiragu. Tuko na swali." Alikuwa ametarajia neno lile lifungue mlango kwa kishindo. Lilifungua kama neno lingine lolote. Msichana huyo husikia maneno hayo kutwa nzima. Alinyanyua simu akawaonyesha benchi. Ilikuwa benchi ile ile, na Ngui alikalia upande ule ule.

Daktari Kiragu alitoka akiwa mchangamfu, ananukia sabuni.

"Naam, mama. Nimeambiwa kuna swali."

"Mimi ni Ndunge. Mtoto alizaliwa amefariki, nikashikwa na damu."

Alifikiri kidogo. "Ah. Mwaka wa elfu mbili na tatu. Ulikuwa umekwenda kabisa, mama. Uko na nguvu sasa?"

"Niko nazo."

"Basi tumshukuru Mungu."

"Daktari, hukuniambia umetoa nini."

"Mume aliambiwa. Nilimwambia mimi mwenyewe, pale mlangoni." Akamgeukia Ngui kwa tabasamu. "Si ndiyo, mzee?"

Ngui akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu ni kweli aliambiwa, na Ngui hasemi uongo hata unapomsaidia. Kisha akaanza swali lake.

"Da... dakta... Kwa... kwa... kwa ni..."

Ndunge alikuwa na swali lile zima mdomoni, la moto. Angelitema kwa pumzi moja na daktari angelazimika kulijibu au kulikataa. Lakini alikuwa ameahidi. Aliukamata mkoba wake kwa mikono yote miwili, akanyamaza, na kunyamaza kule kulimgharimu kuliko chochote alichowahi kusema.

Tuseme haki: daktari alingoja. Alingoja kiasi ambacho mtu hungoja lifti. Kisha simu ikalia mfukoni mwake, akaitazama.

"Mzee, nitawaachia sista. Atawaeleza kila kitu." Akamgonga Ngui begani, mahali pale pale, akaondoka.

Ngui hakunyamaza. Koo lilikuwa linapigana na neno, macho yamemtoka, na watu wa benchi walikuwa wameanza kutazama viatu vyao kama watu wanavyofanya wakiona aibu ya mwenzao. Ndunge akauachia mkoba ukaanguka. Akauchukua mkono wa mumewe na kugonga. Na Ngui akauliza, kwa sauti ile ya besi inayotetemesha mabati, pingili moja baada ya nyingine, mpaka mwisho:

"Kwa nini hukumwambia yeye?"

Ukumbi wote ulisikia. Daktari alikuwa amefika mlango wa mbali. Hakugeuka. Aliinua mkono mmoja hewani, kama mtu anayeaga marafiki, akaingia ndani.

Bibi mmoja mwenye kilemba aliyekuwa kwenye benchi alisema, "Amesikia, baba. Huyo amesikia."

Sista waliyeachiwa alikuwa msichana mgeni kazini, hakuwepo mwaka ule, na alichoweza kuwaeleza walikuwa wanakijua. Walimshukuru. Njiani kuelekea mjini Ngui alitembea haraka, koti limemfunguka, kama mtu aliyetua mzigo.

"Ni... nimeuliza," alisema.

"Umeuliza, Baba Syombua."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Watu humwita hivyo mwenye mtoto wa kuonyesha. Ngui alisimama kando ya barabara akajifuta uso kwa mkono wa koti la harusi, na Ndunge alisimama kando yake mpaka akamaliza.

Desemba walienda Machakos. Mama mkwe aliwapokea kwa uso wa mtu anayengoja jibu, na Ngui akampa jibu, Ndunge akiwa ameushika mkono wake hadharani. Alimweleza mama yake kilichotolewa, nani alikitoa, na jina lake kamili, lile refu. Mzee yule alifungua mdomo ili ammalizie mara mbili, na mara mbili akaufunga. Pengine ni kuiona mishipa ya shingo ya mwanawe. Aliposikia yote aliuliza jambo moja tu:

"Na jina langu?"

"Tu... tulimpa, mwaitu. Nilipomzika, nilimwita Syombua."

Mama yake hakuwa anajua. Mtoto asiyepumua si kawaida kupewa jina. Mzee aliinuka, akaenda jikoni, akakaa huko kwa muda. Alirudi na kikapu cha mbaazi mbichi akakiweka mapajani mwa Ndunge, akakaa chini karibu naye, na wakaanza kuambua pamoja. "Mama Syombua," alisema baadaye bila kuinua macho, "hizi za kwako ni changa, chagua." Habari za Maureen hazikutajwa tena, na mwaka uliofuata aliolewa na mwalimu mwenzake.

Mzee Syombua alisema lake. Ngui alisema lake, na aliyemwona akilisema anajua lilimgharimu nini. Daktari Kiragu bado yuko Parklands, na wagonjwa wanamsifu kwa mikono yake. Mikono haina kosa. Lakini aliulizwa swali moja mbele ya watu, kwa sauti, mpaka mwisho, na alilisikia. Aliyeuliza ni Ngui, lakini jibu si la Ngui. Daktari anamdai Ndunge shukrani, pengine, kwa ajili ya uhai aliomwokolea. Ndunge anamdai daktari jibu, na neno la pole ambalo halina hata haja ya kukatwa vipande.